Kesi ya Jibini

Baba yake Nerina alikagua mabegi kwa mikono,
mpakani Fernetti, upande wa Yugoslavia, miaka ya jinzi,
watu waliporudi kutoka Trieste wamevaa suruali tatu, nne,
moja juu ya nyingine, wakitembea kama mapipa.
"Unaumwa nini, ndugu?" Albin aliwauliza.
Aliyecheka alipita.
Kidole chake cha shahada hakikunyooka tena
tangu sindano iliyomvizia ndani ya soksi ya mtu.

Nyumba njema si mlango, twaambiwa,
fungua uingie ndani.
Binti yake alikaa miaka kumi na tisa
akitafuta namna ya kuingia bila kufungua.

Karakana yetu ilikuwa ghala kuukuu nyuma ya bandari ya Trieste,
harufu ya kahawa inayokaangwa ikipenya hata risasi.
Nasema risasi ya mapazia, ile nzito, ya kijivu,
isiyomuua mtu, kazi yake kuzuia.
Mimi nilikuwa wa kubadilisha mirija, kufagia,
na kuegemea mlango pale upepo wa bora
ulipotaka kuajiriwa nasi.

Mashine ilijua rangi tatu.
Chuma, buluu.
Alumini na jamaa zake, kijani.
Vilivyowahi kuwa hai, na vinavyojifanya hivyo: chungwa.
Mkate, chungwa. Sabuni, chungwa. Kitabu cha sala, chungwa.
Na kilipuzi, bila haya, chungwa.

Siku ya majaribio, uwanja wa ndege wa Ronchi,
shangazi Milojka akaja na kikapu:
jibini la Karst, kilo mbili,
lililolala pangoni miezi minne.
Kengele ikalia. Mkanda ukasimama.
Askari kijana akapauka kuliko jibini lenyewe,
wageni wa wizara wakarudi hatua tatu, kwa adabu.
Shangazi akaomba kisu.
Uwanja wa ndege, mbele ya bunduki, akaomba kisu!
"Nikate kipande nile, muone kama nitalipuka."

Basi tukawa na kesi.
Nerina akanunua jibini la kila namna,
laini, gumu, lenye mashimo, lenye ukungu wa buluu,
akalipitisha mara mia, mara elfu.
Usiku tulikula ushahidi hadi tukavimbiwa.
Uzito ule ule. Rangi ile ile.
Wizara ikaandika barua fupi.
Ya pili ikawa fupi zaidi.

Februari bora ilivuma siku tano.
Manispaa ikafunga kamba kando ya barabara
ili watu wapate pa kushika.
Nerina akasimama dirishani, kikombe kimepoa mkononi,
akimtazama mwenye kitambi, mtoto wa shule,
mama mwenye mwavuli uliogeuka bakuli.
"Ona," akasema, "upepo ni mmoja,
lakini kila mtu anayumba kivyake."
Nikadhani amechoka.
Akageuka: "Miale inayopita tumeihoji miaka yote.
Hii inayopotea njia, nani ameiuliza?"

Tukahamisha kigunduzi, tukakiweka pembeni,
kinyume na kila mchoro uliopigwa muhuri.
Jibini likayumbisha miale, ukatoka ukungu mpana
kama maziwa yaliyomwagika mezani.
Sampuli ya jeshi ikatoa pete nyembamba,
kali, kama aliyechora ana hasira.
Nerina hakushangilia. Alikaa chini, sakafuni,
akavua kiatu kimoja, sijui kwa nini.

Kiangazi Albin aliletwa kuiona.
Akausogelea mkanda, mikono nyuma, kama mkaguzi.
Akaona kikapu cha shangazi kikipita kimya.
Akatikisa kichwa kwa heshima, muda mrefu.
Kisha akauliza, kidole kilichopinda kikielekea kioo:
"Na yule wa suruali nne?
Hii itamwona zote."
"Zote, baba."
"Na akicheka?"

Nerina akanitazama mimi.
Nikakumbuka kuna mrija wa kubadilisha.